SOMO: KAMATI NA MENEJA WAAMINIANE VIPI?



Somo letu safari hii linahusu kamati tunazozichagua na watendaji tunaowaajiri. Wengi wetu katika mashamba ya chai na miwa, na katika viwanda vya nguo, sabuni na saruji, tumo katika vyama vya akiba na mikopo. Wengine wana mifuko ya kusaidiana wakati wa msiba na ugonjwa. Wengine wana maduka ya ushirika au vituo vya kulelea watoto wakati wazazi wako kazini.

Vyombo hivi havikuanzishwa ili kumtajirisha mtu. Kila kimoja kina kamati ya watu waliochaguliwa na wenzao, wanaokutana baada ya zamu bila kulipwa mshahara. Tena kila kimoja, kikishakua kidogo, huajiri mtu wa kukiendesha: meneja, katibu mtendaji, au karani mkuu. Mahali pengine kamati huitwa bodi au halmashauri. Katika somo hili tutasema kamati na meneja, na kila msomaji ataelewa kwake ni nani.

Chombo cha namna hii kikianguka, wanachama hugawanyika mara moja. Nusu husema, "Meneja amekula fedha." Nusu husema, "Kamati imemwonea meneja." Lakini tukichunguza kwa utulivu tunakuta mara nyingi kwamba jambo lilianza zamani, kabla ya senti moja kupotea. Lilianza siku ile kamati ilipoacha kuuliza, au siku ile meneja alipoona kwamba akisema ukweli ataadhibiwa. Kwa hiyo tujifunze jinsi kuaminiana kunavyojengwa, kunavyovunjika, na kunavyoweza kurudishwa.

1. NANI NI NANI

Kwanza tukumbuke kwamba wenye mali ni wanachama. Kamati si wenye mali, na meneja si mwenye mali. Wote wawili wamepewa amana.

Kazi ya kamati ni kuamua njia. Kamati hupanga masharti ya mikopo, hupitisha makisio ya mwaka, humwajiri meneja, humpima kazi yake, na kutoa hesabu mbele ya mkutano mkuu. Kazi ya meneja ni kuendesha kila siku. Hupokea fedha na kuzipeleka benki, huandika madaftari, huhudumia wanachama dirishani, huwasimamia makarani, na huiarifu kamati mambo yanavyokwenda.

Jambo linalochanganya watu wengi ni hili: kamati ina madaraka makubwa lakini ina habari chache. Wajumbe wake wako mashambani na kwenye mashine siku nzima, wanakutana labda mara moja kwa mwezi. Meneja ana madaraka madogo lakini ana habari zote. Yeye ndiye anayejua nani amechelewa kulipa, benki imebaki nini, na karani gani hafiki kazini. Kwa sababu hiyo kamati haiwezi kufanya kazi yake ila kwa habari za meneja, na meneja hawezi kufanya kazi yake ila kwa idhini ya kamati. Wasipoaminiana, wote wawili wamefungwa mikono.

Wako watu wanaodhani kwamba kumwamini mtu ni kutomuuliza. Tufikirie mizani ya chai. Mchumaji analeta kikapu chake, karani anapima, wote wawili wanatazama mizani, na kilo zinaandikwa mbele ya wote. Je, mchumaji akitazama mizani amemtukana karani? Hapana. Na karani akiandika kilo mbele ya mchumaji, amejidhalilisha? Hapana. Palipo mizani ya haki iliyo wazi, ugomvi hupungua. Karani asiyetaka mchumaji atazame mizani ndiye anayetiliwa shaka. Hali ya kamati na meneja ni hiyo hiyo.

2. MJI MMOJA, VYOMBO VIWILI

Katika historia ya wafanyakazi kuna mfano mzuri sana kwa somo hili. Ni wa mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, karibu na Manchester. Mji huo ulikuwa wa viwanda vya kufuma vitambaa vya sufu. Katika miaka ya 1840 wafumaji wake walikuwa na njaa, mishahara ilikuwa midogo, na madai yao ya nyongeza yalikuwa yameshindwa.

Mjini hapo palikuwa na vyombo viwili vilivyotunza fedha za watu wadogo.

Chombo cha kwanza kilikuwa benki ya akiba ya Rochdale, iliyoanza mwaka 1818. Haikuwa benki ya matajiri kugawana faida. Benki za namna hii ziliwekwa ili wafanyakazi, watumishi wa nyumbani na watu wengine wa kipato kidogo wapate mahali salama pa kuweka akiba. Zilisimamiwa na wadhamini wasiolipwa, watu wenye heshima katika mji. Kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa mtunza hesabu mmoja. Katika benki ya Rochdale mtunza hesabu huyo aliitwa George Haworth, naye aliaminiwa mno.

Mwaka 1849 Haworth alifariki. Vitabu vilipofunguliwa ikaonekana kwamba pengo katika fedha za wateja lilikuwa zaidi ya pauni 71,000. Kwa siku zile, hiyo ilikuwa mali kubwa sana. Zilikuwa akiba za watu waliojinyima mkate ili waweke senti zao. Benki ikafungwa, na wateja hawakurudishiwa fedha zao zote.

Wadhamini walikuwa wapi? Walikuwapo, na majina yao yaliandikwa. Majina hayo ndiyo yaliyowafanya watu waamini. Lakini kusimamia hasa hawakusimamia. Tena sheria ya mwaka 1844 ilikuwa imepunguza wajibu wa wadhamini wa benki za namna hii kulipa hasara kwa fedha zao. Basi mtu mmoja alipokea fedha, mtu huyo huyo aliandika vitabu, na mtu huyo huyo aliwapa wadhamini taarifa. Kila mmoja alimtegemea mwenzake kuwa ametazama, na hakuna aliyetazama.

Chombo cha pili kilikuwa duka la ushirika. Lilianzishwa mwaka 1844 na wanachama 28, wengi wao wafanyakazi wa hapo mjini, kwa mtaji wa pauni 28. Walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844 katika barabara iitwayo Toad Lane. Siku ya kwanza bidhaa zilikuwa chache: unga, siagi, sukari na vitu vingine vya namna hiyo. Watu waliwacheka.

Watu hao hawakuwa na majina makubwa, lakini walikuwa na utaratibu. Kamati yao ilikutana kila wiki. Kila baada ya miezi mitatu ulifanyika mkutano wa wanachama wote, na hesabu zikasomwa mbele yao. Walikuwa na wakaguzi wa hesabu waliochaguliwa. Tena tangu mwanzo waliigawa kazi ya dukani: Samuel Ashworth aliuza bidhaa, na William Cooper akapokea fedha. Walikuwa marafiki, wanachama wenzao, watu walioteseka pamoja. Hata hivyo hawakusema, "Huyu ni ndugu yetu, mwacheni ashike vyote." Walimlinda ndugu yao asije akashukiwa, na walilinda mali ya wote isije ikapotea.

Mwaka 1848 ushirika huo ulikuwa na wanachama 140. Mwaka 1849, mwaka ule benki ilipoanguka, wakafika 390. Mwaka 1850 wakawa 600, na mtaji wao ulikuwa umepita pauni 2,200. Waandishi wa historia ya ushirika wanasema kwamba kuanguka kwa benki ni sababu mojawapo iliyowafanya watu wa Rochdale wapeleke fedha zao kwa ushirika. Walitoka kwa wakubwa wenye sifa wakaenda kwa wafumaji wenye daftari.

Uingereza yenyewe ilijifunza, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya mwaka 1863 ya benki hizo za akiba iliagiza kwamba fedha zikipokewa au zikilipwa lazima pawe na mtu wa pili, na kwamba kitabu cha kila mteja kilinganishwe na daftari la benki angalau mara moja kwa mwaka. Tutazame vizuri: dawa iliyotolewa haikuwa kuchagua watu watakatifu zaidi. Dawa ilikuwa mtu wa pili na kulinganisha vitabu.

Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. MAMBO YANAYOVUNJA KUAMINIANA

Sasa turudi kwetu. Katika matawi yetu tunakutana na makosa ya pande zote mbili.

Makosa ya kamati ni haya:

(a) Kuendesha badala ya kusimamia. Mjumbe anafika ofisini saa nne asubuhi, anamwamuru karani amtangulizie ndugu yake mkopo. Mwingine anafika saa sita na amri nyingine. Meneja hajui amtii nani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mjumbe mmoja hana mamlaka peke yake. Mamlaka ni ya kamati ikiwa imekaa kikao chenye akidi na kuandika uamuzi wake.

(b) Kulala. Hii ni kinyume cha hiyo ya kwanza. Kamati inakuja, inasikia taarifa ya mdomo, inakunywa chai, inasaini, inaondoka.

(c) Wajumbe kujipendelea. Mjumbe anapochukua mkopo mkubwa kuliko masharti yanavyoruhusu, kisha asilipe, amemfunga meneja mdomo. Kesho meneja akikosa, mjumbe huyo atamwulizaje?

(d) Kumsema meneja kijiweni, kwenye foleni ya posho au kilabuni, badala ya kumwambia kikaoni.

Makosa ya meneja ni haya:

(a) Kuficha habari mbaya akitumaini kwamba mambo yatatengenea kabla kikao hakijafika.

(b) Kuleta hesabu siku ile ile ya kikao, kurasa nyingi, ili wajumbe wachoke na kupitisha.

(c) Kuona kila swali kuwa ni tuhuma. "Mnanichunguza? Hamniamini?" Maneno haya yanawatisha wajumbe ambao hawakusoma sana, na hunyamaza.

(d) Kushirikiana na mwenyekiti peke yake. Wawili hao wanaamua, wengine wanaarifiwa baadaye. Siku mwenyekiti akibadilika, meneja anabaki bila mtu.

Tukumbuke kwamba kosa la upande mmoja hulea kosa la upande wa pili. Kamati inayofoka kila isikiapo habari mbaya inamfundisha meneja kuficha. Meneja anayeficha anaifundisha kamati kuingia ofisini kila siku kuchungulia.

4. MAMBO YANAYOJENGA KUAMINIANA

Yafuatayo si mambo ya gharama. Chama chenye wanachama 50 kinaweza kuyafanya, na chenye wanachama 5,000 hakiwezi kuyakwepa.

Kwanza, mamlaka yaandikwe. Meneja apewe barua ya ajira inayosema kazi yake, mshahara wake, na kiasi ambacho anaweza kulipa bila kuuliza. Tuseme kamati inaamua kwamba matumizi ya ofisi yasiyozidi shilingi 100,000 anaidhinisha meneja, yanayozidi hapo yanaidhinishwa na kamati. Baada ya hapo kamati isimsumbue kwa bei ya kalamu, naye asivuke mpaka.

Pili, taarifa ya mwezi ya karatasi moja, iwafikie wajumbe kabla ya kikao. Iwe na mambo matano: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, salio la benki, mikopo iliyochelewa, na jambo moja linalomsumbua meneja. Hilo la mwisho ni la lazima. Mwezi ambao meneja anaandika "hakuna tatizo lolote", kamati iulize zaidi.

Tatu, taarifa ya benki yenyewe iwekwe mezani, wala si maneno ya kusema benki imesema nini. Mjumbe mmoja asome salio la benki, mwingine asome salio la daftari, na tofauti yoyote ielezwe. Siku hizi vyama vingi vinapokea na kulipa kwa simu. Utaratibu ni ule ule. Simu ya chama isiwe simu ya mtu binafsi, namba ya siri ya meneja isijulikane kwa karani, na orodha ya malipo ya simu ichapishwe na kusomwa kama ya benki.

Nne, watu wawili kwa kila fedha. Anayepokea si anayeandika daftari kuu, na hundi iwe na sahihi mbili. Ni hatari kubwa mjumbe kusaini hundi tupu eti kwa sababu kesho yuko zamu. Anayesaini hundi tupu ametoa sahihi yake na mali ya wenzake.

Tano, kulinganisha vitabu vya wanachama. Angalau mara moja kwa mwaka kila mwanachama alete kitabu chake, kilinganishwe na daftari la chama, na kazi hiyo ifanywe na wakaguzi, si na karani aliyeandika. Hii ndiyo dawa ya Rochdale.

Sita, habari mbaya mapema. Kamati itamke wazi na kuandika katika kumbukumbu: meneja anayeleta habari mbaya mapema hataadhibiwa kwa kuileta. Anayeificha ndiye atakayeulizwa.

Saba, kikao cha tathmini kila mwaka. Kamati imweleze meneja kazi iliyofanyika vizuri na iliyopungua, naye aiambie kamati ni wapi inamkwamisha. Yaandikwe, pande zote zisaini. Mtu asisikie upungufu wake kwa mara ya kwanza siku ya kufukuzwa.

Nane, mshahara wa haki. Tunajua jambo hili halipendwi, kwa sababu sisi wenyewe tunalipwa kidogo. Lakini kumpa mtu ufunguo wa sanduku na kumlipa asichoweza kulisha watoto ni kumtega.

5. MFANO WA KUFANYIA HESABU

Tuchukue chama cha akiba cha mfano katika shamba la chai. Kina wanachama 400. Kila mmoja anakatwa shilingi 10,000 kwa mwezi katika mshahara, na kampuni inatakiwa kuzipeleka kwenye benki ya chama.

400 × 10,000 = 4,000,000 kwa mwezi.

Mwezi wa Oktoba kampuni inakata lakini haipeleki. Meneja anampigia simu mhasibu wa kampuni, anaahidiwa wiki ijayo. Mwezi wa Novemba, vile vile. Mwezi wa Desemba, vile vile. Fedha ambazo hazikufika ni:

3 × 4,000,000 = 12,000,000.

Kamati haijaambiwa. Meneja anaogopa, kwa maana mwaka uliopita mwenyekiti alimfokea mbele ya makarani kwa sababu ya kosa dogo la hesabu. Anasema moyoni, "Nitangoje kampuni ilete, yatakwisha."

Januari wazazi wanakuja kuomba mikopo ya ada za shule. Maombi yote ni shilingi 5,000,000. Benki mna shilingi 2,600,000. Meneja anawaambia watu waje kesho, waje keshokutwa. Mama mmoja anatoa kitabu cha mshahara, anaonyesha kwamba amekatwa miezi mitatu yote. "Fedha zangu ziko wapi?" Kufikia jioni shamba zima linasema meneja ameiba.

Meneja huyu hakuiba hata shilingi. Mwenye kosa kubwa ni kampuni, iliyokaa na fedha za watu. Lakini tazameni nani anayelaumiwa, na nani anayepumua. Wafanyakazi wanagombana wao kwa wao, na mwajiri anatazama.

Ingekuwaje kama taratibu zetu zingefuatwa? Kikao cha Novemba wajumbe wangepata karatasi moja. Mstari wa fedha zilizoingia ungeonyesha kwamba za Oktoba hazikufika. Meneja angeandika katika jambo linalomsumbua: "Kampuni haijaleta makato." Kamati ingeandika barua kwa kampuni siku hiyo hiyo, nakala kwa tawi la chama cha wafanyakazi. Viongozi wa tawi wangelipeleka mezani kwa mwajiri likiwa deni la 4,000,000, si la 12,000,000. Na wanachama wangeambiwa mapema wajipange kwa ada. Meneja angekuwa upande wa wanachama, naye angeonekana hivyo.

Basi utaratibu wa taarifa haumlindi mwanachama peke yake. Unamlinda meneja mwaminifu asichanganywe na wezi, tena unaondoa pazia ambalo mwajiri hujifichia.

6. IKIWA IMEKWISHA KUVUNJIKA

Je, kama kamati na meneja tayari hawaaminiani? Kuna mambo matano ya kufanya kwa mpango.

(i) Minong'ono ikome. Mwenye jambo aliandike na kulileta kikaoni.

(ii) Vitabu vikaguliwe na mtu wa nje, ambaye hakuchaguliwa na meneja wala na mwenyekiti peke yake. Wakati wa ukaguzi madaftari yasitoke ofisini.

(iii) Meneja apewe maswali kwa maandishi na siku za kutosha kujibu. Asikilizwe akiwa na mtu wa kumsaidia akitaka. Na kamati nayo ijibu maswali yake.

(iv) Uamuzi utolewe na kikao halali, uandikwe na sababu zake. Kama kuna wizi, sheria ifuate mkondo wake, hata mwizi akiwa mjumbe. Kama hakuna wizi, kamati itamke hivyo hadharani, kama vile tuhuma zilivyosikika hadharani.

(v) Wanachama waelezwe. Kimya baada ya ugomvi huzaa ugomvi mwingine.

Hapa tunataka kusema neno ambalo halisemwi mara nyingi. Meneja wetu na karani wetu ni wafanyakazi kama sisi. Kwake yeye, mwajiri ni sisi. Kila mwaka tunapigania kwamba mchumaji asifukuzwe bila onyo, bila kusikilizwa, bila barua yenye sababu. Je, tutakuwa na uso gani mbele ya meneja wa shamba kama tunamfukuza karani wetu kwa uvumi wa wiki moja? Haki tunayoidai kwa tajiri tuanze kuitoa sisi katika nyumba yetu. Wala haki hiyo si ya kumwachia mtu aharibu mali. Ni ya kumhukumu kwa ushahidi.

Na kwa upande wa pili, meneja akumbuke kwamba mjumbe asiyejua hesabu sana ana haki ile ile ya kuuliza. Fedha ni za watu wa jembe na mashine. Kama taarifa haieleweki kwa mchumaji, taarifa ndiyo yenye kasoro. Mwaka 1995 umoja wa vyama vya ushirika duniani ulitangaza huko Manchester misingi saba ya ushirika. Msingi wa pili unasema kwamba ushirika unatawaliwa na wanachama kwa njia ya kidemokrasia, na wanaochaguliwa wanawajibika kwa wanachama. Wanachama hawawezi kutawala wasichokielewa.

7. MASWALI YA KUJADILI

Kundi la masomo likae watu kumi hadi kumi na watano. Mmoja asome somo kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma, kisha mjadili:

1. Katika chama chenu, ni nani anayepokea fedha, na ni nani anayeandika daftari? Ni mtu mmoja?

2. Mara ya mwisho kamati yenu kuona taarifa ya benki yenyewe ilikuwa lini?

3. Je, meneja au karani wenu ana barua ya ajira inayoeleza mamlaka yake?

4. Wajumbe wa kamati wenye mikopo iliyochelewa ni wangapi? Nani anaijua hesabu hiyo?

5. Makato ya mwezi uliopita yamefika benki? Mlijuaje?

6. Meneja wenu akiwa na habari mbaya leo, atamwambia nani kwanza, na atapokewaje?

7. Katika benki ya Rochdale wadhamini walikuwa watu wema. Kwa nini wema wao haukutosha?

8. KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila kundi lifanye mambo mawili. La kwanza, wanachama kumi walete vitabu vyao vya akiba na karatasi zao za mshahara, vilinganishwe na daftari mbele ya karani, wakaguzi wakiwapo. Karani aambiwe mapema siku na saa, na aelezwe kwamba kazi hii inafanyika katika kila tawi, haikumlenga yeye. La pili, kamati na meneja wakae pamoja waandike ile taarifa ya karatasi moja yenye mambo matano, waibandike ubaoni penye kivuli ambapo watu wote wanaweza kuisoma wakitoka zamu.

Mkiona tofauti katika vitabu, msikimbilie kulaumu. Tofauti nyingi ni za kalamu na za mwisho wa mwezi. Andikeni, ulizeni, mpeni mtu nafasi ya kueleza, kisha mrudi baada ya wiki moja kutazama kama imesahihishwa. Mkifanya hivyo mwezi hata mwezi, mtaona kamati inaacha kuchungulia, na meneja anaacha kuogopa mlango ukifunguliwa.

Umoja ni nguvu, na katika vyombo vyetu vya fedha umoja huo utunzwe kwa daftari lililo wazi.